Wanataka Mtu wa Kunirudisha Nyumbani

"Samahani kwa kukusumbua," Unga alisema kwenye simu. "Najua sina haki ya kukuomba kitu."

Kidoti alikuwa amekibana kichwa cha mteja katikati ya magoti, upande mmoja umesukwa, wa pili bado. Simu aliishikilia kwa bega.

"Sema, niko kazini."

"Keshokutwa nina kipimo hospitali. Wanapitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, unashuka mpaka tumboni. Watanichoma dawa ya kusinzia, kwa hiyo hawanipokei bila mtu mzima wa kunirudisha nyumbani."

"Mwambie huyo anayekupikia."

Kidoti alisikia pumzi ya Unga, nzito kama ya mtu aliyetoka kupanda ngazi.

"Hakuna anayenipikia," Unga alisema. "Hajawahi kuwepo."

Walikuwa wameoana miaka mingi. Yeye msusi, mumewe mwoka mikate, na jina la Unga Kidoti ndiye aliyempa kwa sababu mwanamume huyo hakuwahi kurudi nyumbani bila unga kwenye nyusi. Kisha mwaka jana Unga akaacha kula. Akirudi asubuhi kutoka kuoka anasogeza sahani pembeni. "Nimeshiba." Kila siku nimeshiba, na huku suruali zinamvuka. Kidoti alimuuliza ni nani anamshibisha. Unga akafoka kwamba asimfuatefuate. Wakaulizana hivyo hivyo mpaka wote wawili wakachoka, na Kidoti akahamia kwa dada yake.

Jioni ile alimweleza dada.

"Ana ndugu wangapi huyo?" dada aliuliza huku akikunja nguo. "Wote wamekufa?"

"Kanipigia mimi."

"Na wewe ukaitikia. Haya. Ukilia usije kulia kwenye mito yangu."

Asubuhi ya kipimo walikutana kwenye benchi la hospitali. Kidoti alimpita mara ya kwanza bila kumtambua. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, na weusi wake ulikuwa umepauka.

"Umekula?" alimuuliza, kwa mazoea tu.

"Nimekatazwa tangu jana usiku. Hata maji nimeacha. Wanasema tumbo likiwa na kitu hawaoni vizuri, na unaweza kutapika kikaingia kwenye mapafu."

Nesi aliwaita kwenye chumba kidogo chenye pazia la kijani. Alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya chini, ya mtu aliyeeleza jambo lile lile mara nyingi na bado hataki kuliharakisha.

"Kuna dawa yoyote unatumia? Za sukari, za presha, za kuyeyusha damu?"

"Hapana."

"Za maumivu?"

Unga aliangalia viatu vyake. "Hizo ndiyo. Za kiuno. Kila siku kabla ya kuingia kazini."

"Ukiwa umekula?"

"Mara nyingi hapana."

"Ni vizuri umesema. Watu wanatuficha, halafu tunahangaika nao mezani. Kuna dawa yoyote imewahi kukudhuru mwilini?"

"Hapana."

"Una jino la bandia, au linalotikisika?"

"Moja. La bandia."

Kidoti aligeuka. "Jino gani?"

"La mbele hili."

"Tangu lini una jino la bandia?"

"Tangu uondoke. Nilianguka kazini. Kizunguzungu kilinishika, nikajigonga kwenye trei."

"Ukazimia?"

"Kidogo."

"Mtu hazimii kidogo, baba," nesi alisema, akimnyooshea kikombe. "Livue, uliweke humu. Sasa nisikilize, mama naye asikilize, maana wewe utasahau. Tutakupulizia ganzi kooni, utahisi kama huwezi kumeza, usiogope. Utalala ubavu wa kushoto na kung'ata kifaa cha kulinda meno. Mpira haupiti njia ya hewa, kwa hiyo utapumua kama kawaida. Tunajaza hewa kidogo ili tuone, ukibeua hakuna atakayekucheka. Daktari akiona haja atachukua kipande kidogo cha nyama kwenda maabara. Hutasikia. Na kuchukuliwa nyama hakumaanishi kwamba una ugonjwa mbaya."

Unga aliitikia kwa kichwa. Kidoti aliutazama ukuta, kisha akamshika mkono.

"Kapumue," alimwambia. "Mimi nipo hapa nje."

Dada alituma ujumbe: *Vipi, mwanamke kajitokeza?*

Kidoti aliandika: *Dada, huyu mtu anaumwa.* Akaizima simu.

Hakungoja sana. Kipimo chenyewe kilikuwa kifupi kuliko maelezo yake. Alipoitwa alimkuta Unga amelazwa, macho nusu wazi, ulimi mzito, mdomo umelegea pale jino lilipokosekana.

"Kidoti."

"Naam."

"Rudi nyumbani. Nyumba imekuwa kubwa mno. Rudi leo."

Machozi yalimjia Kidoti pale pale. Nesi, aliyekuwa akisoma mapigo ya moyo, hakuinua uso.

"Mama, leo asiendeshe chombo, asiguse mashine wala oveni, asinywe pombe, asiamue jambo zito mpaka kesho. Anaweza kusema kitu asikikumbuke."

"Umesikia?" Kidoti alimwambia Unga. "Hayo ni maneno ya sindano. Lala."

Daktari alikuja na kuvuta kiti. Alikuwa ameona kidonda tumboni, kimoja, kikubwa kiasi, ambacho kilikuwa kikivuja damu polepole. Ndiyo sababu ya kizunguzungu.

"Ni uvimbe?" Kidoti aliuliza.

"Sijaona uvimbe. Lakini macho hayatoshi, nimechukua nyama tuhakikishe, na tuone kama kuna vijidudu vinavyoleta vidonda. Dawa za maumivu aache kabisa. Asile wala kunywa mpaka ganzi iishe kooni. Koo litamkwaruza kidogo, tumbo litajaa hewa, ni kawaida. Ila akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, maumivu makali, homa, au akashindwa kumeza, msingoje kuche. Mje."

Walirudi kwa teksi. Unga alilala njia nzima, kichwa begani kwake. Kidoti hakukisogeza. Usiku alitandika chini karibu na kitanda, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kulala katika nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi Unga alikuwa amekaa kitandani, macho makavu, akili imerudi.

"Kwa nini hukuniambia?" Kidoti aliuliza.

"Baba yangu alianza hivi hivi. Kusukuma sahani. Akisema ni gesi tu. Nilimwogesha mimi mpaka mwisho, nikawa nambeba kwa mkono mmoja." Alijivutia shuka. "Nilijua nikipimwa nitakuta saratani kama ya baba. Nikaona bora nisijue."

"Na mimi nikaona mwanamke."

"Kwa nguvu zipi, Kidoti? Nilikuwa nashindwa kubeba trei."

Kidoti alicheka kidogo, kisha akafunika uso kwa viganja. "Ningekusamehe mwanamke mapema kuliko hili. Uliniacha nikuchukie bure."

"Najua. Na niliyokuomba jana nayakumbuka, sindano au si sindano. Nakuomba tena, nikiwa na akili zangu."

"Tungoje majibu," Kidoti alisema. "Nimechoka, Unga. Siwezi mawili kwa pamoja."

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Kidoti alikuja kila jioni akitoka saluni, wanakaa, wanaongea machache, anarudi kwa dada. Dada naye alikuwa ameacha kuuliza. Alianza kumfungia supu kwenye chupa. "Mpelekee mgonjwa wako," alisema bila kumtazama.

Siku ya majibu daktari aliyasoma mara mbili kwa sababu Unga alikuwa hajaelewa mara ya kwanza. Hakuna saratani. Kuna vijidudu, navyo vina dawa. Amalize dozi yote hata akijisikia nafuu, kisha arudi waangalie kama kidonda kimefunga.

Nje, Unga alikaa kwenye ukuta mfupi wa bustani, akalia kimya kimya. Watu walipita. Kidoti alikaa karibu naye mpaka alipomaliza.

"Safari hii ukiumwa, nani wa kwanza kujua?" aliuliza.

"Wewe."

"Kabla hujaanguka, siyo baada."

"Kabla."

Kidoti alichukua mfuko wa dawa mikononi mwa Unga, akasimama.

"Basi inuka twende nyumbani."

"Kwa dada?"

"Kwetu. Dada nilimuaga asubuhi."

"Kabla ya majibu?"

"Kabla ya majibu."

Unga alinyoosha mkono ainuliwe. Walitembea polepole hadi barabarani, maana hakuna kati yao aliyekuwa na nguvu ya haraka.