Rangda Alipobisha Hodi

Sabri wa Wheaton haogopi kitu. Muulize mwenyewe, atakupa orodha. Shule aliiacha kidato cha pili, mdomo akaondoka nao.

Jua lilikuwa linazama alipopita Lanham kuchukua kinyago cha Rangda, malkia wa wachawi wa Bali. Macho yametoka, meno kama ya ngiri, ulimi mpaka kifuani. Mdogo wake, Tasnim, ndiye angekivaa jioni hiyo kucheza ngoma kwenye ukumbi wa kanisa, Takoma Park.

"Kaka Sabri, niko serious," Tasnim alimwambia kwenye simu. "Usikiweke chini. Na kikikuita, usijibu. Mwalimu wa ngoma anasema sisi tunamvaa Rangda, lakini ukimjibu, yeye ndiye anakuvaa."

"Anivae mimi? Saizi yangu haipo!"

Akapakia sanduku la kinyago nyuma ya gari, akaingia Beltway, barabara kuu ya kuzunguka jiji. Foleni. Magari yamesimama kimya.

Harufu ikaanza... Maua mabichi. Ubani. Na chini yake, kitu kama nywele zinazoungua.

Ko. Ko. Ko.

Sandukuni.

Sasa, Sabri anaishi Wheaton, lakini ni mtoto wa Mombasa. Akibishiwa hodi, ulimi wake hausubiri akili.

"Karibu!"

Kugonga kukakoma.

Halafu kengele ya mkanda ikalia. Ile inayolia abiria akikaa bila kufunga. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Kikabonyea... taratibu... kama mtu anayejiweka vizuri.

Sabri hakugeuka. Macho mbele, akanyoosha mkono, akauvuta mkanda, akaufunga.

Kengele ikanyamaza.

Huko Takoma Park, mwalimu, bibi mfupi kutoka Bali, alifungua sanduku. Akakiinua kinyago kwa vidole viwili.

"Kimekuwa chepesi," akanong'ona. "Umemwambia nini?"

"Mimi? Sijasema kitu."

"Kaka..."

"Nilimkaribisha tu! Adabu, jamani!"

Bibi akamgeukia Tasnim. "Wewe cheza. Leo utakuwa salama." Akamtupia Sabri jicho. Alifunga tu sanduku, polepole. "Watu hudhani ngoma hii itazeeka. Haizeeki. Rangda mwenyewe hakosi mtu wa kumvaa."

Vyuma vikaanza kugongwa. Tasnim akatoka na kinyago usoni, makucha marefu, mikono juu, vidole vikitetemeka kama majani. Watoto wakajificha mapajani kwa mama zao. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama jukwaa.

Mwalimu alikuwa anamtazama Sabri.

Ngoma ikaisha. Makofi yakaisha. Tasnim akaja mbio, jasho linamtiririka, kinyago kwapani.

"Kaka, umeniona?"

Sabri alisimama ukutani, mikono juu. Vidole vyote kumi vilitetemeka, kwa mapigo ambayo hakuna aliyekuwa anayapiga.

Tasnim akacheka kidogo. Kisha akaacha.

"Kaka, basi. Acha kucheza."

"Tasnim," Sabri akanong'ona, machozi yakimlenga. "Sichezi mimi."