Alichofuta Agot

Siku Ekeno alipokutana na Agot, jua la Kakuma lilikuwa limechemsha chai ndani ya buli bila moto. Foleni ya mitungi kwenye pampu ya maji ilifika barabarani. Ekeno, fundi kutoka Lodwar, shati la samawati limemganda mgongoni, alipita katikati akikumbatia kisanduku.

"Ejok, fundi! Umebeba mtoto?" akamsalimia kwa Kiturkana binti mrefu mwenye leso ya njano. Ndiye Agot, mtunza pampu.

"Mtoto wako huyu. Utamlea."

Mashine iliyokuwa kisandukuni, iliyoandikiwa programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ilipeleka kwa redio habari za maji mpaka Lodwar. Agot aandike, Ekeno asome. Lakini Ekeno aliitengeneza isome kitufe kimoja kimoja: ukigusa, herufi imeshafika. Hakumwambia.

Basi kila asubuhi, kule Lodwar, kioo cha kompyuta ya Ekeno kiliandika: *Nimekukumbuka.* Herufi zikafutika, zikaja nyingine: *Tangi limejaa.* Ekeno alitabasamu mpaka chai ikapoa, na Lodwar chai haipoi.

Siku moja akajisahau, akajibu: *Nitalivaa tena nikija.*

Agot akapiga simu.

"Utavaa nini?"

"Shati. Si umelisifu?"

"Nililifuta hilo!"

Agot akakumbuka asubuhi zote zilizopita.

"Kwa hiyo yote niliyofuta..."

"Yalifika, mpenzi."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeacha."

"Mwizi wewe! Kaka Santino ameniletea mchumba mwenye ng'ombe. Jumapili anataka jibu. Nilikuwa nikikungoja useme, kumbe unachungulia!"

Akakata.

Ekeno alirekebisha programu. Sasa maneno ya Agot yangengoja ndani ya mashine mpaka abonyeze kitufe cha kutuma. Ya Ekeno ndiyo yangekwenda herufi kwa herufi. Akapanda lori hadi Kakuma, akabadilisha chipu yenye programu ndani ya mashine. Agot alimpa mgongo.

"Kuanzia kesho, nichungulie mimi," akasema, akaondoka.

Ikabaki *Tangi limejaa* tu. Ekeno alizikosa zile herufi zilizofutwa kama mchungaji aliyepotelewa na kengele za mbuzi wake.

Jumamosi akakaa kuandika. Kule Kakuma, Agot akaona:

*Ng'ombe sina wa kutosha.* Ikafutika.

*Naogopa Santino atanicheka.* Ikafutika.

*Nakuwaza hata nikila.* Ikaanza kufutika, ikasita, ikafutika yote.

*Nataka kukuoa.*

Hiyo ikabaki.

Agot akajifunika uso kwa leso, akicheka na kulia.

Lodwar, kioo cheusi. Je, anaandika? Anafuta? Amekwenda zake? Tundu la kuchungulia Ekeno aliliziba mwenyewe. Jasho likamtiririka hadi viatu vikaelea.

Ghafla mstari mzima ukatua:

*Kesho njoo uongee na Santino. Vaa lile shati.*

Kisha mwingine:

*Kabla ya haya nimeandika mengi, nikafuta. Utayasikia kwa mdomo wangu.*