Nitafinya Mwenyewe

Ua wa ofisi ya komini mjini Bunia ulijaa watu mpaka getini. Nathanaël alikuwa mezani akionyesha huduma mpya ya serikali, ya kuomba hati ya kuzaliwa kwa simu. Aliitengeneza yeye, na shati lake lilinyooshwa kwa majivuno. Akaja dada mwenye blauzi ya libaya ya manjano na fimbo nyeupe, akipenya katikati ya watu. Ni Plamedie, mtangazaji wa redio, kipofu tangu utoto. Akaweka sikioni simu yake inayomsomea maandishi, akafinya vitufe vya huduma ile, akafinya tena, akacheka.

"Nani alitengeneza hii kintu?"

"Ni mimi, maman."

"Inaniambia tu: bouton, bouton, bouton. Kila kitufe ni bouton tu, bouton ya nini? Na kila paje, kila ukurasa, iko na tabia yake. Hapa 'kuendelea' iko chini, kule iko juu. Siye hatuko batu ba hii komini?"

Watu wakaangua kicheko. Nathanaël aliona haya, lakini sauti ile ilishamnasa. Akaomba namba yake, eti ya kazi. Kazi gani! Jioni akapiga.

"Papa Bouton, unatafuta kazi ao unanitafuta mimi?"

"Vyote viwili."

"Muongo. Sema moja."

"Ni weye, chérie."

Wakapendana, hakuna kuficha. Nathanaël aliahidi kwamba kila kitufe kitapewa jina na kukaa mahali palepale kwenye kila ukurasa. Plamedie alingoja aombe hati mpya, maana ile ya kwanza iliungua pamoja na nyumba yao kijijini Bule.

"Tangu utoto batu banajibu kwa nafasi yangu," alimwambia. "Hii moja nitafinya mwenyewe."

Kazi ikachelewa, siku ya ufunguzi wa huduma ikakaribia. Nathanaël akaona amfurahishe mpenzi wake: akajaza ombi lote mwenyewe, akamletea hati imepigwa muhuri. Mapenzi nayo hukosa akili.

"Nani alijaza?"

"Mimi, motema, moyo wangu. Nilitaka ufurahi."

"Uliniuliza?"

Plamedie akamsukumia ile hati.

"Basi na weye uko sawa na bale bengine. Rudisha karatasi yako, na usinipigie tena."

Iliuma, na ilimstahili. Kesho yake akaingia kwa mkubwa wake.

"Patron, hatufungui. Vipofu hawawezi kuitumia."

"Vipofu ni wangapi hapa? Ndugu zao batabajazia."

"Hata akiwa mumoja. Mukifungua hivi, mutoe jina yangu, na mimi niende."

Mkubwa alifoka, akagonga meza, lakini bila Nathanaël hakuna aliyejua kuiendesha. Ufunguzi ukasogezwa. Vitufe vilipopata majina, Nathanaël akapiga simu, na Plamedie, ingawa alimkataza, akapokea.

"Nilifuta lile ombi. Kuya ujaribu. Sitagusa simu yako."

"Na ukigusa?"

"Univunje mukono."

Akaja komini, kitenge cha bluu kiunoni, hasira bado usoni. Simu ikamtajia: jina, tarehe, kijiji. Plamedie alipokosea tarehe, Nathanaël aliuma ulimi, mikono nyuma. Simu yenyewe ikamwonya Plamedie, akarekebisha, akafinya. "Ombi lako limepokelewa," ikasema. Machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima, wala hakuyafuta.

"Nathan," akaita, "paje ya ndoa iko wapi?"

"Hatujaijenga bado."

"Basi jenga mbio. Na usiijaze bila mimi."