Vifo vya Mbu wa Milanzi

Jumatatu moja ya Julai, saa moja asubuhi, Dokta Tusekile alifungua chumba cha kufugia mbu kwenye maabara ya Milanzi, Sumbawanga, akapiga yowe. Mbu walikuwa chali vizimbani, na hita iliyokuwa ikiwapa joto haipo.

Ndiyo, mbu. Kituoni askari walicheka mpaka basi. "Afande, huyo muuaji tumpe zawadi!" Lakini Sajenti Winifrida, ambaye mwanawe alishalazwa kwa malaria mara mbili, hakuona cha kuchekesha. Alichukua kofia yake akaenda.

"Hawa ndio tunaowalisha damu za watoto waliochanjwa, tuone kama chanjo ya malaria inafanya kazi," Tusekile alimweleza, macho mekundu. "Miaka yote damu za watoto wa bondeni zinapelekwa ng'ambo kupimwa, sisi kazi yetu kubeba vichupa tu. Alhamisi wakaguzi wanakuja kuamua kama vipimo vifanyike hapa. Bila mbu, ndiyo basi tena."

Hita haikusumbua kutafutwa. Ilikuwa kibandani kwa mlinzi.

"Shikamoo, mzee Jafeti."

"Marahaba, mwanangu. Nifunge tu pingu." Mzee alikuwa analia waziwazi. "Baridi ilinizidi usiku, nikaiazima. Nikasema alfajiri narudisha, usingizi ukanipitia. Nimewaua mimi."

"Si mnaona!" alidakia Zenon, fundi wa maabara, akitetemeka ndani ya koti lake jeupe. "Aondoke leo leo!"

Winifrida aliirudisha hita chumbani, akaiwasha, akavuta kiti akakaa. Vizimba vilikuwa sita: vinne karibu na mlango, viwili chini ya dirisha. Baada ya muda, wale wa dirishani walianza kujinyoosha. Mmoja akaruka, kisha wengine. Wa mlangoni hawakutikisika.

"Jamani, wako hai!" Tusekile alishika mdomo.

"Daktari, baridi humu inaingilia wapi?"

"Dirishani. Halifungi vizuri."

"Basi kama ni baridi, wangetangulia kufa hawa wa dirishani. Mzee Jafeti kaazima hita, hajaua mbu."

Alisogea mlangoni. Juu ya vizimba vya mbu waliokufa palikuwa na msumari mtupu ukutani, na chini yake, kwenye vifuniko, unga mwembamba. Aliunusa, akakunja uso. Harufu ile kila Mfipa anaijua msimu wa mavuno: dawa ya dumuzi, ile wanayochanganya na mahindi yasiliwe na wadudu ghalani.

"Zenon, jana ulikuwa wapi?"

"Laela, kwa mama."

"Mkifanya nini?"

"Kazi za nyumbani tu, afande."

"Mkitia mahindi dawa. Jioni ukaja kulisha mbu. Humu mna joto, ukavua sweta, ukalitundika hapa, ukalisahau. Leo Sumbawanga nzima iko ndani ya masweta, wewe unagonganisha meno. Liko wapi?"

Zenon akafungua mkoba wake, akalitoa.

"Asubuhi nilifika kabla ya Dokta," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaliona, nikajua. Nikalificha. Nilipoona hita haipo, nikasema hapa nimepona. Dokta, niliogopa. Wakaguzi wangesema, si mnaona, watu wa huku hawaiwezi kazi hii."

"Kukosea ningekusamehe kabla ya chai!" Tusekile alifoka. "Lakini umemwacha mtu wa umri wa baba yako aombe pingu, na wewe umesimama unamtazama!"

Zenon alipiga magoti mbele ya mzee Jafeti. Mzee alimshika bega, hasira zikimpanda na kumshuka. "Inuka," alisema. "Lakini hao wakaguzi utawaambia mwenyewe."

Alhamisi Zenon aliwaambia, jasho likimtoka, mbele ya watu wote. Tusekile akawaonyesha sheria mpya: hakuna nguo ya shambani kuvuka mlango ule. Akawaonyesha na mayai waliyotaga mbu wa dirishani.

"Nani alikuja kuwachunguzia?" aliuliza mkuu wa wakaguzi, mama wa makamo.

"Hakuna aliyekuja, mama," Tusekile alijibu. "Ni sisi wa hapahapa."

Mama yule alivua miwani. "Nimekagua maabara nyingi, wengi hunificha makosa yao. Nyinyi mmeyatafuta mkayapata. Damu za watoto wenu zitapimwa hapa."

Tusekile alikaa chini palepale sakafuni, akacheka huku analia.