Mti wa Maharagi Mbele ya Mashua

Mashua ilikwama saa nne asubuhi katikati ya mto Lowa, na mashini ya kupima kina ilikuwa inasema maji ni mita tisa. Grégoire alishuka kuangalia. Maji yalimfika gotini.

Mashua yake haikuwa na pangaboi. Ilikuwa na pampu inayovuta maji kupitia tundu chini ya tumbo lake na kuyatema nyuma kwa nguvu. Sasa pampu ilikuwa imevuta kokoto, na injini imezimika.

Shemeji yake Albert alilala juu ya gunia la mbegu. Siku tatu kabla, huko juu Masisi, alikuwa akikata miti myembamba ya kupandishia maharagi, shoka likateleza likamwingia vidoleni mwa mguu. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Daktari alikuwa Walikale. Ile miti nayo ilikuwa humo, mafungu mawili. Anastasie, dada yake Albert na mke wa Grégoire, alikataa kuiacha.

"Mita tisa," Anastasie alimwambia mumewe. "Angalia usizame, Papa."

"Mama, acha."

"Wakati ulinunua hii mashini kule Goma, nilikuuliza. Mashua inatembea maji ya magoti. Mita makumi sita utaipata wapi?"

"Muchuuzi alisema iko muzuri kwa ziwa."

"Na huku njo ziwa?"

Albert alicheka, kisha akashika paja. "Dada, usinichekeshe. Muguu inauma."

Dukani kulikuwa na mashini mbili. Grégoire alichukua kubwa, kwa sababu ya taa nyekundu iliyozunguka ndani ya kioo na kuona hadi mita sitini. Chini ya mita moja, taa hiyo ilirukaruka kama panzi na kusema lolote.

Majani mabichi yakaanza kupita, yamebebwa na povu la kahawia. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Maji yakipanda, yangeinua mashua isiyo na injini na kuipeleka kwenye maporomoko. Mngurumo wake walikuwa wakiusikia tayari.

Grégoire alizama chini ya mashua, akachokoa kokoto kwa vidole. Akatoka, akavuta pumzi, akazama tena. Anastasie alizungusha kamba kwenye jiwe na kuing'ang'ania. Maji yalipomfika Grégoire kifuani, mashua iliinuka na kamba ikamchuna mkewe viganja.

"Panda!"

Alipanda. Injini ilikohoa mara mbili, ikashika.

Kando ya maporomoko kulikuwa na mkono mwembamba wa mto. Njia ilikuwa hiyo tu, na maji yake yalikuwa haba.

"Mashua iko nzito," Grégoire alisema.

Anastasie aliangalia miti, akaangalia gunia. Alimlaza kaka yake juu ya miti, akasukuma mbegu zote mtoni. Halafu akachomoa mti mmoja, akakaa mbele kabisa na kuuchoma majini.

"Goti!" alipiga kelele. "Goti! Kiuno! Mawe, enda kushoto!"

Mti ulivunjika. Akachukua mwingine, na mwingine tena. Grégoire alivua koti akaifunika mashini, asiione tena taa ile, akaendesha kwa sauti ya mkewe.

"Weye njo mashini yangu," alisema walipotokea upande wa pili.

"Mashini haikupikiaka sombe. Angalia mbele."

Walifika Walikale saa kumi. Tangu siku hiyo Grégoire hakuondoa mashua bila Anastasie kukaa mbele na mti wake.

Safari ilikula vidole viwili vya mguu wa Albert, kucha tatu za Grégoire na ngozi ya viganja vya Anastasie. Ilikula miti kumi na saba, na gunia moja la mbegu, yaani maharagi ya msimu mzima. Mashini haikupata hata mkwaruzo.