Mkate Uliouzwa Rahisi

Alfajiri mjane mwokaji alifungua chumba chake cha kazi akalikuta tanuri limepasuka kuanzia mdomoni hadi kwenye bomba la moshi. Sakafu ilikuwa imelowa. Hakulia, alitukana matusi ya kushiba.

"Tanuri hili ndilo linalolisha wanangu," alimwambia mpelelezi, mwanamke asiyependa maneno mengi. "Jana nililiacha lina moto. Mtu kalimwagia maji, na tofali la moto likipata maji ya baridi limekwisha, afande."

"Unamshuku nani?"

"Bwana Bei. Nani mwingine?"

Bwana Bei alikuwa afisa wa serikali aliyesimamia bei. Juzi alimfokea mjane mbele ya wateja na kumtishia faini kwa kosa la kuuza mkate chini ya bei iliyopangwa. Damu ilimchemka mpelelezi. Mtu atishiwe faini kwa kuwauzia wenye njaa mkate rahisi! Alimkuta Bwana Bei ofisini, shati la mikono mifupi, ngozi laini kama ya mtoto. Aliitazama mikono ile, akachukia kwamba hakuwa na la kumshika nalo.

Akaenda na mjane kuuliza habari kwa shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa umoja wa waokaji. Kwa joto la kiwanda chake, vijana wote walikuwa vifua wazi. Yeye peke yake alikuwa na shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa hadi kwenye vifundo vya mikono.

"Pole sana, shemeji. Serikali hii inatuonea."

"Kunja mikono ya shati, mzee," mpelelezi alisema.

"Ya nini?"

"Maji yakikutana na tanuri la moto, mvuke humrudia aliyemwaga. Kunja!"

Ngozi ilikuwa imebabuka hadi kwenye viwiko.

"Shemeji!" mjane alipiga kelele. "Kikulacho ki nguoni mwako, kumbe kweli!"

"Umenitilia kitumbua mchanga!" naye alifoka. "Bei ile niliihangaikia mimi wizarani. Utauzaje nusu yake?"

Mpelelezi alimtia pingu kwa hasira. Mlangoni mwenyekiti alicheka.

"Haraka yangu ndiyo imeniponza, afande. Wiki ijayo kanuni mpya inaanza: hakuna tanuri bila kibali, na vibali tunatoa mimi na Bwana Bei. Ningesubiri, polisi wenyewe wangelivunja."

Mjane alimshika mpelelezi mkono.

"Nikilijenga tena, afande, utakuja kulivunja?"

"Siji," alijibu. Kisha, kwa kuwa hakupenda kudanganya, akaongeza: "Watamtuma mwingine."