Visu Vilivyorudi Vimeoshwa

Visu vilirudi vimeoshwa. Hilo ndilo lililomshitua Adèle kwanza, na hakulisema kwa mtu.

Basoda, yaani askari, walikuwa wameviomba mchana wa jana yake, wakisimama nje ya restora yake ndogo pale Butembo, kwenye mteremko unaoshuka mpaka mto Kimemi. Walisema wana mbuzi wa kuchinja. Ilikuwa ile miaka ya vita ya pili ya nchi yetu, ambapo mwenye bunduki akiomba, unampa na kushukuru kwamba ameomba. Adèle hakutaka kuwakaribia. Alipanga visu vyake vitatu kwenye sahani, cha nyama, cha mihogo, na kile kidogo cha vitunguu, akamwita binti yake Bénie, mtoto ambaye hata meno ya mbele yalikuwa bado hayajamaliza kuota.

"Bapelekee, na urudi mbio."

Mtoto akapeleka. Tuseme ukweli, maana Mungu anatusikia: mama alibaki nyuma ya mlango, na mtoto ndiye aliyekwenda.

Kulipokucha visu vilikuwa kwenye kizingiti, vimesuguliwa kwa majivu mpaka vinang'aa, vimepangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa. Adèle mwenyewe, hata alipokuwa bibi-arusi wa kutaka kumfurahisha mama mkwe, hakuwahi kuosha kisu namna ile. Na katika mtaa mzima hakukuwa na ngozi ya mbuzi, wala harufu ya nyama ya kuchoma, wala mbwa mwenye mfupa.

Kabla ya jua kupanda vizuri, habari ikashuka kutoka mlimani. Nyumba ya wachuuzi wa maharagwe waliotoka Kasugho ilikutwa wazi. Baba, mama na wana wao wote walikuwa wamechinjwa, na baba alikuwa amekatwa vidole kimoja kimoja kabla ya shingo. Waliokwenda kuwazika walirudi wakinong'ona jambo moja tu: miili ilikuwa imeoshwa, na imelazwa kuanzia mdogo hadi mkubwa.

Siku hiyo Adèle alijaribu kukata kitunguu, kwa sababu wateja walikuwa wanangoja. Kisu kiligeuka chenyewe mkononi kikampasua kiganja. Aliona damu ikishuka kwenye chuma, na aliona chuma kikiinywa, kikabaki kikavu na cheupe.

Ndipo alipotaka kuviondoa. Lakini utatupa wapi kisu cha namna hiyo? Kuviuza sokoni kulimaanisha mama mwingine avitumie kumenya viazi vya watoto wake. Jalalani watoto wanachokora vyuma kwa mikono mitupu. Chooni, shimo likijaa, watu wanapanda ndizi juu yake na kulima. Mtoni wanawake wanaingia pekupeku kufua. Adèle alikuwa mama wa kanisa, hakutaka mguu wa mtu ukatike kwa ajili yake. Kwa hiyo alivifunga katika shati la marehemu mume wake, akaviweka ndani ya sanduku la sabuni, na shemeji yake Salomon akachimba shimo refu katika shamba la ndizi nyuma ya nyumba. Walisali. Halafu, ili jembe la mtu lisije likagonga pale, wakarundika udongo juu na kuchomeka msalaba wa vijiti.

Walifanya vizuri kila kitu, isipokuwa kwamba walikuwa wametengeneza kaburi.

Rébecca, jirani wa upande wa pili wa ua, ndiye aliyeuona msalaba. Alikuja na kitambaa kichwani na sahani ya maharagwe.

"Mama Bénie, kumbe uko na kilio na hautuambie? Sisi ni jirani ya namna gani?"

Adèle angeweza kumwambia. Lakini mdomo wa Rébecca ulikuwa hauna mlango, na basoda wakisikia kwamba mama wa restora amezika visu, wangejua kwamba anajua. Jina likamtoka tu, kwa sababu Jumapili mchungaji alikuwa amesoma juu ya Phinées na mkuki wake.

"Ni mutoto wa ndugu yangu," alisema. "Phinées. Ni homa."

Mtaa ukaja. Wanawake walikaa matanga katika ua wake, wakaimba nyimbo za kanisa, wakamlilia kijana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mzee mmoja alisema anamkumbuka alivyokuwa mdogo, mwenye adabu sana. Waliita jina hilo mara nyingi, wakielekea shamba la ndizi, wakimwambia alale salama. Adèle aliitikia pamoja nao, na kila walipoita, jeraha la kiganja lilimchoma.

Matanga yalipokwisha, kuku wa Rébecca walikutwa wamekatwa vichwa, manyoya yameoshwa, wamelazwa kwenye nyasi kuanzia kifaranga hadi jogoo. Watu wakasema ni mwizi aliyefukuzwa. Kisha ikafika ile alasiri ya mvua ambapo Salomon alikutwa chini ya mikaratusi, tumbo limefunguliwa toka kifuani mpaka chini, ameshika matumbo yake kwa mikono yote miwili kama mtu aliyebeba nguo za kufua. Alikuwa bado anapumua. Adèle alipiga magoti matopeni akaweka sikio karibu na mdomo wake.

"Kijana mumoja alinisalimia vizuri," Salomon alinong'ona. "Alinishukuru juu ya shimo. Kisha akanikata."

Alikufa pale pale, na mvua ikamwosha.

Tangu hapo Adèle hakumwacha Bénie atoke jikoni. Lakini ukungu wa Butembo unapanda kutoka mtoni hata mchana, unaingia nyumbani bila kupiga hodi, na siku moja uliingia ukiwa na harufu ya majivu yaliyolowa, ile ya vyombo vinavyosuguliwa, na nyuma ya harufu hiyo ikaja nyingine, nzito, ya buchari, ya nyama mbichi. Bénie alikuwa nyuma ya gunia la makaa akichezea mahindi. Adèle aligeuka na kumwona kijana amesimama mlangoni, amevaa shati la marehemu mume wake, amelowa toka nywele hadi vidole vya miguu, anajifuta mikono kidole kwa kidole, na katikati ya vidole, kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka.

"Mama," alisema, "unieleze. Nilikufa namna gani?"

Adèle alisogea kati yake na gunia.

"Ulisema homa. Mais lakini mimi sikuona homa."

Akafungua shati ili amwonyeshe, na mwili wake ulikuwa na majeraha yaliyooshwa, meupe, yasiyo na tone la damu, jeraha la shingo la mwanamume na jeraha la shingo la mwanamke na mengine madogo ya shingo ndogo, yote yamekusanyika juu ya ngozi moja, yanafunguka na kufunga kama midomo ya watu wanaotaka kusema wote kwa pamoja, na alipopiga hatua moja ndani moto wa jikoni uliinama kama nyasi, na sufuria ya maharagwe ikanyamaza katikati ya kuchemka, na Adèle akaona kwamba vidole alivyokuwa anavifuta havikuwa vidole bali chuma chembamba, kimoja kirefu cha nyama, kimoja kipana cha mihogo, kimoja kifupi cha vitunguu.

"Wa kunizika nimemupata," kijana alisema kwa adabu ileile. "Sasa natafuta ule mukono kidogo. Ule ulionipeleka."

Nyuma ya gunia mtoto akakohoa.

Adèle hakumbuki alivyoifikia sufuria. Alimmwagia maharagwe yote usoni, na uso ukabanduka kama ganda la ndizi iliyochemshwa, na chini yake hapakuwa na uso, na ule mkono wa chuma ukapita kando ya mama bila kumgusa, ukapita juu ya gunia, ukateleza shingoni mwa Bénie kama mtu anayepima pa kukatia, na mstari mwekundu ukatokea kutoka sikio hadi sikio, mwembamba kama uzi, na Adèle akajitupa juu ya mwanawe akilia jina la Yesu kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo, akasikia mgongo wake ukipasuliwa mara moja, mara nyingine, na tena, polepole, kama nyama inayochanjwa ili chumvi iingie.

Walipokuja majirani hapakuwa na mtu. Bénie alikuwa hai. Sakafu ilikuwa imeoshwa.

Kesho yake, mgongo umefungwa vitambaa, Adèle alipanda mpaka Vuhovi na mtoto mkononi kumtafuta Manassé, mzee wa kanisa, mfua majembe, ambaye watu walimwendea pia kwa pepo. Alimweleza yote kuhusu kaburi na jina. Mzee alisikiliza, akikuna kidevu.

"Udongo ni ya kuzika batu," alisema mwishoni. "Bisu yenye kuchoka inarudia kwa moto, fasi ilitokea. Wewe uliipa kaburi, ukaipa jina, ukaita batu baililiye. Sasa iko mutu. Tutainyang'anya jina mbele ya wale wale balioililia. Mais useme yote, binti yangu. Kitu utaficha, ndjo kitabakia yake."

Jumapili baada ya ibada walikusanyika katika shamba la ndizi. Manassé alikuwa amekuja na mivukuto yake mgongoni, akachimba tanuri kando ya kaburi na kuwasha makaa. Msalaba uling'olewa. Sanduku lilipofunguliwa shati lilikuwa limelowa damu mbichi, na lilikuwa linapanda na kushuka.

Adèle akasimama mbele ya mtaa wote. Alisema hakuna Phinées, hajawahi kuwapo. Alisema aliwadanganya, akala maharagwe yao ya kilio. Alisema hivi ni visu vya jikoni yake, na ndivyo vilivyowamaliza watu wa Kasugho. Watu walianza kurudi nyuma. Rébecca alishika mdomo. Na hapo, kati ya migomba, Adèle akamwona soda mmoja amesimama, bunduki begani, kofia mkononi kama mtu aliye kanisani. Alikuwa mmoja wa wale wa siku ile.

"Ni mukono ya nani iliwapelekea?" Manassé aliuliza.

Soda aliinua macho. Adèle alielewa alichokuwa anangoja kusikia. Aliyepeleka sahani aliona nyuso, tena kwa karibu, moja baada ya nyingine, na angeweza kuzitaja. Bénie alikuwa amemshika sketi. Mstari wa shingo ulikuwa bado haujapona.

"Ni mukono yangu," Adèle alisema.

Mzee alimtazama mtoto. "Yako peke yake?"

"Yangu peke yake."

Manassé akavitia visu motoni. Vililia. Si mlio wa chuma, ni sauti za watu, ya mwanamume akiomba, za watoto zikiita mama, na mtu mmoja wa Kasugho akaanguka chini akisema ile ni sauti ya dada yake. Mzee alipiga nyundo, damu ikaruka badala ya cheche, ikawalowesha waliokuwa mbele, na katikati ya kupiga kile kisu kidogo cha vitunguu kikachomoka kwenye koleo, kikamchana mkono kutoka kiwiko mpaka kiganja hadi mfupa ukaonekana mweupe, naye akakikanyaga kwa mguu, akakirudisha motoni, akaendelea kupiga kwa mkono mwingine huku akisali Baba Yetu kwa Kinande, mpaka visu vitatu vikawa donge moja jeusi, na sauti zikawa moja, na hiyo moja ikakata.

Soda alivaa kofia yake akaondoka. Usiku uliofuata hakuja yeye wala yule kijana, wala uliofuata huo. Mama alimaliza kusali kila jioni akishukuru kwamba amesema uongo mmoja tu, tena mdogo, tena kwa ajili ya mtoto.

Hakununua kisu kingine. Sombe, majani ya mihogo, alitwanga, mihogo alivunja kwa goti, vitunguu aliponda kwa jiwe. Wateja walimtania kwamba restora yake imerudi enzi za mababu, naye alicheka pamoja nao, na shingo ya Bénie ikapona kabisa bila hata kovu.

Ndipo asubuhi moja Rébecca alipochungulia juu ya ua, uso umejaa furaha.

"Wasingya, asante, Mama Bénie. Mutoto wako, Mungu amubariki. Nimeamuka nakuta ameniosheya bisu yote ya jikoni, na majivu, inang'aa. Na amezipanga vizuri, toka kadogo mpaka kakubwa. Hata nyumba ya kule chini amefika, na ya kule juu."

Adèle aligeuka. Bénie alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mikono myeupe kwa majivu mpaka viwiko. Alikuwa anajifuta, kidole kwa kidole, na katikati ya vidole.

"Mama," mtoto alisema kwa adabu, "juu ya nini haukusema jina yangu?"